MALI BILA DAFTARI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika ofisi ya tawi, baada ya sala ya Isha. Yamepigwa chapa hapa kwa maombi ya wale waliokosa nafasi ya kukaa.



Tumeombwa tuseme maneno juu ya jambo ambalo wengi wenu huenda mkaliona si la watu kama sisi. Jambo lenyewe ni namna vyuo vikuu vya umma vinavyotawaliwa, na sheria ambazo baadhi ya nchi zimeziweka ili kuwalazimisha wakubwa wa vyuo hivyo wafungue milango ya mikutano yao na waonyeshe nyaraka zao. Mtauliza, muuza duka ana nini na chuo kikuu? Ni haki yenu kuuliza. Sisi hatukusoma chuo kikuu. Tulisoma chuoni, kwa maalimu, juu ya mkeka, na tulipotoka hapo tuliingia dukani nyuma ya mizani, na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Lakini chuoni tulifunzwa ya kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu si aya ya vita wala ya ufalme. Ni aya ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Na dukani tulikuja kuifahamu kwa mikono yetu maana ya yale tuliyoyahifadhi kwa ndimi zetu. Wazee nao wamesema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Hizo ndizo elimu zetu mbili, na kwa hizo twataka kusema usiku wa leo.

Kwanza tutazame jina. Wazee wetu walipotaka kukiita kikao cha kushauriana, walikiita baraza. Na baraza ni nini? Ni kile kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, kando ya njia. Aketiye hapo huonekana na kila apitaye, na asemalo husikiwa. Hawakukiita kikao kile chumba cha ndani, wala ghala, wala dari. Walichagua jina la mahali palipo wazi. Basi kila tusikiapo leo kwamba baraza la chuo fulani limekutana kwa siri, tujue ya kwamba hata jina lenyewe limedhulumiwa.

Na chuo kikuu cha umma ni mali ya nani? Si mali ya Rais wa chuo, wala ya wajumbe wa baraza lake, wala ya mkubwa aliyewateua. Kimejengwa kwa kodi na kwa ada. Mvuvi asiyejua kusoma amekilipia kila aliponunua kibiriti. Wajumbe wa baraza ni mawakili tu, na wakili hana budi kumwonyesha mwenye mali hesabu yake. Hilo ndilo asili ya maneno yetu yote.

Sasa twendeni Marekani. Twaenda huko kwa sababu majimbo yote 50 ya nchi ile yana sheria za namna mbili: sheria ya mikutano kuwa wazi, na sheria ya nyaraka kuwa wazi. Florida ilipitisha sheria yake ya mikutano mwaka 1967, na watu wake huiita sheria ya mwanga wa jua. Virginia ikafuata mwaka 1968, na Michigan mwaka 1976. Sheria hizi hazikuwasahau wakubwa wa vyuo vikuu vya umma, na ndipo yalipozuka mambo yenye mafunzo kwetu.

Tutazame ya Virginia. Sheria ya jimbo lile yasema kwamba wajumbe watatu wa baraza la umma wakikusanyika kuzungumza kazi za baraza, huo ni mkutano, hata kama wamekutana kwa chakula. Mkutano hauna budi kutangazwa siku tatu za kazi kabla yake. Kumbukumbu zake ziandikwe. Wakitaka kuingia faragha, kwanza wapige kura hadharani na waseme wanaingia kwa jambo gani na kwa ruhusa ya kifungu gani. Na wakitoka, kila mmoja atoe ushahidi kwa kura yake kwamba huko ndani hawakuzungumza ila lile walilolitaja. Ama nyaraka, raia wa jimbo akiziomba, ofisi hupewa siku tano za kazi kumjibu.

Mtu akisoma sheria hii husema: alhamdulillahi, siri imekwisha. Ngojeni.

Katika jimbo hilo kiko Chuo Kikuu cha Virginia, kilichoasisiwa na Thomas Jefferson mwaka 1819. Mwaka 2010 kilipata Rais mwanamke kwa mara ya kwanza katika taarikhi yake, Bibi Teresa Sullivan. Ijumaa ya tarehe 8 Juni 2012, Mwenyekiti wa baraza la chuo, Bibi Helen Dragas, na makamu wake, Bwana Mark Kington, walimwendea Rais huyo wakamwambia kwamba kura za kumwondoa zipo, na kwamba yafaa ajiuzulu. Jumapili ya tarehe 10 watu wote wakatangaziwa kuwa Rais anaondoka.

Wananchi wakauliza: mkutano ulikuwa lini? Hapakuwa na mkutano wa baraza zima. Kura zilikusanywaje, basi? Zilikusanywa kwa kuwazungumza wajumbe mmoja mmoja. Sheria ilihesabu watu watatu kuwa ni mkutano. Mtu na mwenziwe haikuwahesabu. Basi mlango haukufungwa. Mlango uliachwa wazi, na chumbani hamkuwa na mtu. Shauri lilikwisha kupita kwenye simu.

Mabwana, tushike hapa, kwani hapa pana somo la kwanza. Mwenye kutaka siri si lazima avunje sheria ya mikutano. Humtosha kutokutana. Humwendea huyu kwa neno lake na yule kwa neno lake, na kila mmoja hudhani wenziwe wote wamekwisha kubali, na yeye peke yake ndiye aliyebaki. Basi naye hukubali kwa kuona haya. Laiti wangeketi pamoja, huenda mmoja angeuliza swali, na wa pili angepata moyo wa kuuliza la kwake. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi hao wawe wamekaa pamoja, wanasikiana. Kumi waliozungumzwa mmoja mmoja si wengi. Ni mmoja aliyerudiwa mara kumi.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa. Walimu walitoa kura ya kutokuwa na imani na Mwenyekiti. Wanafunzi na wazee waliopata kusoma hapo walijazana katika uwanja wa chuo. Usiku wa tarehe 18 Juni baraza lilikaa mpaka alfajiri ikikaribia, likamteua mtu wa kushika nafasi kwa muda. Makamu wa Mwenyekiti akajiuzulu. Gavana wa jimbo akawaandikia wajumbe kwamba wasipolimaliza jambo hili tarehe 26, atawataka wote wajiuzulu. Na tarehe hiyo hiyo ya 26 Juni, baraza lilikutana hadharani, na kwa kura za wote likamrudisha Bibi Sullivan katika kiti chake, akakaa mpaka mwaka 2018.

Lakini ni nani aliyewaonyesha watu yaliyokuwa yamefichika? Hapa pana somo la pili, na vijana tunawaomba wasikilize. Lilikuwa gazeti la wanafunzi wa chuo chenyewe, jina lake Cavalier Daily. Vijana wale waliishika ile sheria ya pili, sheria ya nyaraka, wakaomba barua pepe za Mwenyekiti na makamu wake. Wakapewa, wakazichapa. Watu wakaona kwa macho yao namna wakubwa wale wawili walivyokuwa wakipelekeana makala za magazeti juu ya mafunzo ya mtandao, na namna walivyodhani kuwa chuo kimechelewa na hapana wakati wa kungoja. Huenda walikuwa na nia njema, na huenda katika shauri lao mlikuwa na kweli. Sisi si mahakimu wa hilo. Lakini shauri lililo jema lina khofu gani ya kusemwa mbele ya watu?

Basi tazameni. Sheria ya mikutano ilipitwa pembeni, na sheria ya nyaraka ikamshika mwenye kupita. Mlango haukusema kitu; daftari ndilo lililosema. Hata baadaye, mwezi wa Disemba mwaka 2012, jumuiya inayothibitisha vyuo vya kusini mwa Marekani ilikiweka chuo kile katika onyo kwa sababu ya namna baraza lake lilivyoendesha jambo hili, na onyo hilo likakaa mwaka mzima.

Mtu atasema, labda ni chuo kimoja tu, na wajumbe wake huteuliwa na Gavana. Lau wangechaguliwa na watu, yasingetokea. Twendeni Michigan, kwani huko wajumbe wanane wa Chuo Kikuu cha Michigan huchaguliwa kwa kura za watu wa jimbo zima. Mwaka 1987 na 1988 walikuwa wakitafuta Rais mpya. Majina yalianza kiasi ya 250. Yakapunguzwa na kupunguzwa, kwa simu na kwa vikao vidogo vidogo vya wajumbe wasiotimia idadi ya kikao, hata likabaki jina moja, nalo likaletwa mkutanoni kupigiwa kura. Wenye magazeti walikwenda mahkamani. Mwaka 1993 Mahkama Kuu kabisa ya jimbo ikahukumu kuwa sheria ya mikutano ilivunjwa. Kwani kugawana kikao vipande vipande ili kila kipande kisihesabiwe ni kikao kile kile.

Hukumu hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikudumu. Mwaka 1999 mahkama ile ile, katika kesi ya chuo cha pili cha jimbo hilo, ilisema kwamba katiba ya Michigan imeyapa mabaraza ya vyuo madaraka yao yenyewe, na kwa hivyo Bunge la jimbo haliwezi kuwalazimisha kufungua mlango katika kazi ya kutafuta Rais. Kilichobaki wazi ni vikao vile rasmi tu, ambavyo katiba yenyewe imesema viwe wazi. Maana yake ni kuwa watu waweza kuhudhuria harusi, lakini posa, mahari na khitari ya mchumba vyote vimekwisha pita ndani. Basi tusidhani kuwa mjumbe aliyepewa kura na watu hapendi siri. Siri ni tamu kwa kila mwenye cheo, aliyechaguliwa na aliyeteuliwa.

Ya tatu na ya mwisho ni Florida, nchi ya ile sheria ya mwanga wa jua. Kwa miaka mingi huko majina ya wanaoomba kuwa Rais wa chuo kikuu cha umma yalikuwa wazi, na yeyote aliweza kuyasoma. Mwaka 2022 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuyaficha majina hayo, isipokuwa ya wale waliofika mwisho, ambao majina yao yatolewe siku 21 kabla. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Chuo Kikuu cha Florida kikawatolea watu majina ya waliofika mwisho. Lilikuwa jina moja: Bwana Ben Sasse, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Senate kutoka jimbo la Nebraska.

Sisi ni wauza nguo na mchele. Mteja akija dukani, tukamtolea kanga moja na kumwambia, haya chagua, je, hapo pana kuchagua? Atasema: bwana, hujanionyesha duka lako, umenionyesha shauri lako. Ndivyo walivyosema wanafunzi wa chuo kile, na wakaandamana.

Bwana Sasse akaanza kazi mwezi wa Februari mwaka 2023, akaondoka mwisho wa Julai mwaka 2024, naye alisema ameondoka kwa ajili ya ugonjwa wa mkewe. Mwezi uliofuata, gazeti la wanafunzi, liitwalo Independent Florida Alligator, lililokwisha kuomba nyaraka za hesabu, likaandika kwamba matumizi ya ofisi ya Rais yaliruka kutoka dola milioni 5.6 katika mwaka wa mwisho wa mtangulizi wake hadi dola milioni 17.3 katika mwaka wake wa kwanza. Yeye mwenyewe alikana kuwa palikuwa na matumizi yasiyofaa, na ni haki kumtolea kauli yake. Lakini la kutazamwa ni hili: mlango ulikuwa umerudishwa nusu, na mara ya pili ni daftari lililosema, na mara ya pili waliolifungua ni vijana wa shule.

Sasa tuwatendee insafu wenye kusema kinyume, kwani mwenye kutaka haki husikiliza pande mbili.

Wasema kwanza: mtu mzuri mwenye kazi yake kwingine hataomba nafasi akijua jina lake litatangazwa, kwani akikosa huku, huko atakuwa ameshatazamwa kwa jicho baya. Neno hili lina uzito, wala hatulikatai lote. Yaweza kuwa majina ya mwanzo yasitiriwe. Lakini wakifika wa mwisho, wawe zaidi ya mmoja, na watu wapewe nafasi ya kuwaona na kuwauliza kabla ya kura, si baada yake. Mtu anayetaka kukabidhiwa nyumba ya watu na aone haya kuonekana mlangoni, huyo atakapokuwa ndani ataona haya gani?

Wasema pili: mjumbe hawezi kusema kweli yake mbele ya watu. Twajibu: baadhi ya kweli za faragha si kweli, ni masengenyo. Mjumbe asiyeweza kulitetea neno lake mbele ya wale anaowawakilia, afadhali asilitumie kuwaamulia.

Wasema tatu: yako mambo ya mwanafunzi na mambo ya mtumishi yasiyofaa kuanikwa. Hapa twasema naam, na sheria zenyewe zimesema naam. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 ya kuhifadhi khabari za wanafunzi. Sisi wenyewe dukani daftari la madeni hatulitandazi juu ya meza kila apitaye asome jina la jirani yake. Lakini tofauti ni kubwa baina ya kumsitiri mnyonge na kumsitiri mwenye amri. Sitara ya mwanafunzi isije ikashonwa kanzu ya mkubwa.

Mabibi na mabwana, mpaka hapa tumesema ya watu. Turudi nyumbani, na tuanze na nyumba iliyo karibu kabisa.

Mwenyekiti atuwie radhi kwa haya tutakayosema. Katika tawi letu hili, ulipokuja wakati wa kupeleka wajumbe, usiku mmoja tulibishiwa hodi dukani tukiwa tunafunga milango. Tukaambiwa majina matatu, na tukaambiwa kuwa wenzetu wote wamekwisha kuyaridhia. Tulikuwa tumechoka, na hatukutaka kuonekana wagumu. Tukasema, sawa. Asubuhi mkutano ulikwisha kabla kahawa haijapoa, na kila mtu alisifu umoja wetu. Miezi mingi baadaye tulizungumza na mmoja katika wenzetu wale, naye akatuambia kwamba alipoendewa yeye, aliambiwa kuwa sisi tumekwisha ridhia. Na saa aliyoendewa ilikuwa kabla ya sisi kubishiwa hodi.

Hatuyasemi haya ili kumwaibisha mtu. Twayasema kwa sababu mmoja katika waliosema sawa ni sisi, na tuliposoma khabari za Virginia tuliona uso wetu ndani yake kama katika maji. Wale ni watu wenye mabilioni na sisi ni watu wa tawi lenye viti vya kuazima, lakini hila ni moja, na udhaifu ni mmoja. Chama kinachoilaumu serikali kwa kuamua gizani, kisha chenyewe kikaamua gizani, hakina hoja. Kina choyo tu cha kutaka giza liwe lake.

Sasa tuitazame nchi. Visiwa vyetu vina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999. Watoto wetu wamo humo, na wengine katika hadhara hii wametoka humo. Na sisi wenyewe, tuliosoma juu ya mkeka, tunao fakhari nacho. Hatumtuhumu mtu wala hatuna khabari ya ubaya wowote wa kuitaja. Mwenye duka anayeweka daftari hakumtuhumu mwizi. Daftari huwekwa siku ya amani, ili siku ya shaka pawepo pa kutazama.

Ndugu zetu wa Bara walipata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016, lakini sheria ile imejisemea yenyewe kuwa ni ya Tanzania Bara. Kenya waliiandika haki hiyo katika katiba yao ya mwaka 2010, na mwaka 2016 wakaitungia sheria. Hizo ni hatua njema, na hatuna budi kuzisifu. Ila tuangalie kwamba hizo ni sheria za upande wa daftari. Upande wa mlango, yaani haki ya raia kuingia akaketi kimya na kusikiliza baraza la chuo likiamua, ni jambo jingine, na ni lazima lidaiwe kwa jina lake.

Kwa hivyo twaleta mbele ya mkutano huu mambo matatu ya kudai kwa ajili ya chuo chetu cha umma, na kwa kila chuo cha umma kitakachokuja baada yake.

La kwanza, mikutano ya baraza itangazwe kabla, pamoja na mambo yatakayojadiliwa, na iwe wazi. Na ikilazimu faragha, sababu itajwe na kura ipigwe hadharani kabla ya kuingia. Na kukusanya kura kwa simu, au kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kuhesabiwe kuwa ni mkutano, ili mlango wa nyuma ufungwe siku ile ile unapofunguliwa wa mbele.

La pili, kumbukumbu za mikutano, bajeti, hesabu zilizokaguliwa, na mikataba ya chuo viwekwe mahali ambapo mwanafunzi, mwalimu na mzazi ataviona bila ya kumjua mtu ofisini; na mwenye kuomba waraka mwingine ajibiwe kwa siku zilizohesabiwa.

La tatu, mkubwa wa chuo akitafutwa, wale waliofika mwisho wawe zaidi ya mmoja, na watu wa chuo wawaone kabla ya kuamuliwa.

Na la nne, ambalo si la serikali bali ni letu, twaomba lianze kesho. Kumbukumbu za halmashauri ya tawi hili, na hesabu ya michango, pamoja na risiti ya hii karatasi na wino wa mashine tunayopigia gazeti hili, zitundikwe ukutani hapo nje, juu ya baraza, asome apendaye. Sisi tutatoa ubao na misumari bure. Na akija mtu kutubishia hodi usiku kwa jambo la tawi, tutamjibu: ndugu yetu, karibu kahawa, lakini neno hilo kaliseme mkutanoni.

Tumalizie kwa neno kwa vijana. Huko tulikokwenda usiku wa leo, majaji walifungua mlango na majaji wakaurudisha. Bunge liliwasha taa na Bunge likaipunguza. Waliothibiti ni wanafunzi waliojua kwamba ipo sheria, wakaandika barua ya kuomba, wakangoja siku zao, na walipopewa wakasoma kila ukurasa. Kazi ile haihitaji fedha nyingi wala haihitaji ghadhabu. Yahitaji uvumilivu wa mwenye kuhesabu. Sheria bila ya mwenye kuuliza ni kasha zuri lililofungwa, na ufunguo wake umo mfukoni mwenu wala hamjui. Ulizeni kwa adabu, kwa maandishi, na wekeni nakala.